Mwanachuo Aweze Kunyamaza

Kama ulitaka kumharibia mwalimu wangu siku yake, uliandika "aelewe". Neno hilo moja lilitosha. Angevua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena kama vile kosa lilikuwa la miwani, halafu akakuuliza kwa upole wa kutisha: "Ameelewa. Haya. Umemwonea wapi?"

Mimi swali hilo niliulizwa wiki yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimeandika azimio la kazi la muhula mzima, kurasa kumi na nne, kwa mwandiko wa kujipendekeza, na lengo la kwanza kabisa lilisema: hadi mwisho wa mada hii, mwanachuo aelewe umuhimu wa mboji. Sasa umemwonea wapi? Nikasema, darasani, mwalimu. "Darasani amekaa. Kukaa nimemwona hata mimi." Nikasema, anatikisa kichwa. "Mbuzi naye anatikisa." Akachukua kalamu nyekundu, akakata "aelewe", akaandika juu yake "aweze kutengeneza", na pembeni akaongeza "lundo moja la mboji, lenye tabaka nne". Akanirudishia karatasi. "Hilo ukienda nyuma ya banda utalikuta. Usipolikuta, hajaelewa, na wewe hujafundisha."

Chuo chetu ni kidogo, cha kanisa, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Tunafundisha kwa Kiswahili vijana watakaokwenda vijijini kuwa mabwana shamba na mabibi shamba. Yeye alifundisha somo moja tu, Ushauri kwa Mkulima, lakini juu ya hapo alikuwa mhakiki wa malengo ya masomo yote. Hakuna mkufunzi aliyeingia darasani kabla malengo yake hayajapita chini ya kalamu ile. Na kwa kuwa kila lengo lilianza na "mwanachuo aweze", wanachuo walimwita Mzee Aweze. Alijua. Alijifanya hajui, na ukimwita hivyo kwa bahati mbaya usoni pake alikuuliza, "Aweze nini? Malizia sentensi."

Nilimjua kwanza nikiwa mwanafunzi wake, miaka miwili. Kisha nilifanya kazi naye kumi na moja. Kwa hiyo nikisema alikuwa msumbufu, nasema kwa ushahidi.

Alikuwa na lengo la kila kitu. Asubuhi, juu kabisa ya ukurasa wa kaunta buku yake, aliandika lengo la siku, lake mwenyewe, na jioni aliliwekea alama. Mara nyingi alijipa sufuri. Nilishawahi kuchungulia: "Niweze kumsikiliza mhasibu bila kumkatiza." Sufuri. Kesho yake: "Niweze kumsikiliza mhasibu bila kumkatiza, hata akirudia." Sufuri tena, na imepigiwa mstari. Kwenye harusi ya mkufunzi mwenzetu, alipopewa kipaza sauti atoe nasaha, wengine walikuwa wamesema habari za upendo na uvumilivu, yeye akasimama na sweta lake la kijivu juu ya tai, akasema: "Mvumiliane, mvumiliane, nani atapima? Mimi naandika hivi. Hadi kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza, bwana harusi aweze kupika uji usio na madonge." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka hata kidogo, alikuwa anasubiri bwana harusi akubali.

Mkewe ndiye aliyekuwa anamweza. Walikaa Ilomba, nyumba ya kupanga yenye bustani ya mchicha mbele, na ukienda pale siku ya Jumamosi unakuta viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na mama yule anamtania mumewe mbele yako bila huruma. "Huyu mnasema anafundisha watu kusikiliza? Humu ndani redio inajizima yenyewe akiingia." Na kweli alikuwa msemaji. Kwenye vikao alizungumza mpaka chai ikapoa. Alikuwa na maelezo ya jinsi ya kufunga geti, ya jinsi ya kumenya kiazi, ya kwa nini sisi Wanyakyusa hatuwezi kuongea taratibu. Mimi nikimjibu kwamba Wanyalukolo, watu wa kwao Iringa, nao hawamalizi sentensi mpaka jua lizame, anafurahi, anasema, "Sasa unanipima. Vizuri."

Hapo ndipo penye ajabu yake, na ndipo ninapotaka kufika. Mtu huyo aliyetaka kila kitu kionekane, kihesabike, kiguswe, katika somo lake mwenyewe alikuwa na malengo saba. Sita yalikuwa safi, unaweza kuyatundika ukutani. Aweze kuchora ramani ya shamba. Aweze kuandaa kalenda ya msimu. Aweze kuuliza maswali matano yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. La saba, la mwisho, lilisema hivi tu: mwanachuo aweze kunyamaza mbele ya mkulima.

Hakuna kigezo, hakuna idadi, hakuna muda. Angeliandika mtu mwingine angelikata mara mbili.

Mimi lengo hilo nililijua kabla sijalisoma, kwa sababu lilinipiga. Mwaka wangu wa pili alitupeleka Rujewa, kwa bibi mmoja wa Kisangu aliyelima mpunga kwenye majaruba ya skimu ya umwagiliaji. Kabla hatujashuka garini alituambia neno moja: "Mkae." Tukadhani ni maelekezo ya heshima tu. Tukakaa kwenye tuta, bibi naye akakaa, anachambua mboga. Dakika zikaenda. Bibi hasemi, mwalimu hasemi. Wenzangu wanaangaliana. Mimi, jamani, nilikuwa na maksi nzuri kuliko wote kwenye mpunga, na kimya kile kilikuwa kinaniwasha mwili. Nikaanza. Shikamoo bibi, sisi tunatoka chuoni, leo tungependa kukueleza kuhusu miche michanga. Nikamweleza miche michanga mwanzo hadi mwisho: ing'olewe lini, ipandwe mmoja mmoja, kwa mstari, kwa kamba, faida zake nne. Bibi alinisikiliza vizuri mno. Nilipomaliza akasema, "Ahsante mwanangu, umesema vizuri. Ila zamu yangu ya maji ni wiki ijayo, Ijumaa. Hiyo miche yako nitaipanda wapi leo, kwenye vumbi?"

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akatumbukiza mguu mferejini. Mwalimu hakucheka wala hakunikemea. Njia nzima hakunisemesha. Tuliposimama Chimala kunywa chai ndipo alipokuja na kikombe chake akaketi karibu nami. "Alikuwa anataka kusema habari ya maji tangu tulipofika," akasema. "Ulimwona alivyokuwa anatazama mfereji?" Sikumwona. Nilikuwa natazama daftari langu. "Ungenyamaza kidogo tu, angekufundisha." Akanywa chai yake. Halafu akaongeza, kama anasema na kikombe, "Na ana adabu. Adabu yao ndiyo mbaya. Watakusikiliza mpaka uwamalize."

Kuna kisa chake mwenyewe nyuma ya maneno hayo, na alinisimulia mara moja tu, miaka mingi baadaye. Alipokuwa bwana shamba kijana huko huko Usangu, alipewa mbegu mpya na chati ya kubandika ukutani. Akamwendea mzee mmoja, akamwambia apande mapema kuliko kawaida, sehemu ile ya chini yenye unyevu. Mzee akawa anafungua mdomo, anaufunga. Anafungua, anaufunga. Yeye anaendelea na chati. Mwisho mzee akasema, "Ndiyo, bwana shamba." Akapanda. Sasa sehemu ile ya chini ndiyo njia ya ng'ombe kwenda mtoni mpaka mvua zikolee, kila mtu kijijini alijua, hata watoto. Ng'ombe walipita. Hakikubaki kitu. "Nikaenda kumpa pole," aliniambia. "Akaniamkia vizuri tu, akanipa kiti. Hakunilaumu. Binti, bora angenitukana."

Nikamuuliza, sasa mwalimu, kwa nini lengo la saba huliwekei kipimo kama mengine? "Kwa sababu mimi mwenyewe sijaliweza," akasema. "Nitalipimaje?"

Lakini nasema uongo kidogo nikiliacha hapo, kwa sababu mimi nilimwona akiliweza. Katikati ya mji kuna duka la vifaa vya ofisini, la baba mmoja wa Kihindi ambaye familia yake ipo Mbeya tangu enzi za babu zake. Mwalimu alinunua kalamu zake nyekundu pale, boksi zima, na kila mara walibishana. Mwenye duka anasema kalamu nyeusi inasomeka zaidi, yeye anasema nyekundu inauma zaidi. Mwenye duka alipofiwa na mama yake, tulikwenda wakufunzi watano kutoa pole. Sote tulisema yale yanayosemwa. Kazi ya Mungu haina makosa, jipe moyo, ndiyo safari yetu sote. Tukaaga. Mwalimu hakuaga. Alibaki kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mwenye duka tangu saa nne hadi jioni, hakusema kitu, wala hakushika simu. Baada ya miezi, nilipokwenda kununua karatasi, yule baba akaniambia, "Wote mlinifariji, ahsanteni. Yule mzee alikaa." Akasema hivyo, akanipa chenji yangu.

Basi ikaja fomu mpya.

Sijui ilitungwa wapi, na sina ugomvi na aliyeitunga. Ilikuja kwenye kompyuta. Kila somo lijazwe upya, kila lengo liwe na kitenzi, kigezo na kipimo. Mimi wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya mitaala, kwa hiyo kuingiza malengo ya watu wote kulikuwa juu yangu. Na hiyo fomu, kitenzi huandiki. Unabonyeza kisanduku, inashuka orodha ya vitenzi vinavyokubalika, unachagua.

Alikuja ofisini kwangu na kaunta buku, akaketi. Malengo sita yaliingia bila shida, akafurahi kabisa, akasema hatimaye kuna mashine inayochukia "aelewe" kuliko yeye. Tukafika la saba. Nikabonyeza.

"Kunyamaza," akasema.

"Haipo, mwalimu."

"Shuka chini."

"Nimeshuka."

"Nenda kwenye N."

"Hakuna N, mwalimu. Vyote vinaanza na K. Kuainisha, kubainisha, kuchambua..."

"Basi shuka polepole. Labda tumeipita."

Tulishuka polepole. Tukapanda, tukashuka tena. Mwisho kabisa kulikuwa na kuzalisha. Alikuwa ameinama karibu na kioo, miwani mkononi, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Nikajaribu kuandika kwa vidole, mashine ikakataa, ikaweka mstari mwekundu. Aliuona ule mstari mwekundu. Tukabaki tumeutazama wote wawili.

"Acha wazi," akasema. "Nitaeleza kikaoni."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa makamu mkuu wa chuo, kijana mwenye adabu, mwanafunzi wake wa zamani kama mimi. Nataka nimtendee haki: alimheshimu mzee kuliko wengi wetu. Alisema, "Mzee, hili lengo nalipenda. Lakini kunyamaza tunakupimaje?"

"Kwa kukaa naye pale."

"Tuweke muda basi. Dakika kumi."

"Ukiandika dakika kumi, watanyamaza dakika kumi. Watakuwa wanatazama saa."

Watu wakacheka. Makamu naye akacheka, kisha akasema, "Basi tuseme, mwanachuo aweze kuonyesha stadi za usikilizaji. Kuonyesha ipo kwenye orodha. Maana ni ile ile."

"Kuonyesha!" Alisimama. "Anayeonyesha kwamba ananyamaza, huyo ananyamaza? Huo ni mchezo wa kuigiza. Atatikisa kichwa, atasema mm, mm, ndiyo mzee, na akili yake iko kwenye faida nne za miche michanga." Nilijua hapo ananisema mimi, na niliinamisha kichwa.

Ndipo mkufunzi mmoja wa nyuma, ambaye malengo yake yalikuwa yamekatwa miaka nenda miaka rudi, akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo chumba kizima kilisikia: "Mkuki kwa nguruwe." Na makamu, kwa upole, akamalizia kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiria: "Mzee, ni wewe uliyetufundisha. Kisichopimika hakifundishiki. Tuliandika kwenye madaftari."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta.

"Niliwafundisha hivyo," akasema. "Sehemu moja nilikosea. Ni sehemu hii."

Halafu akanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyekaa kwenye tuta kule Rujewa. Mimi ndiye niliyesimuliwa habari ya ng'ombe. Katika chumba kile hakuna mwingine aliyejua lengo lile limetoka wapi, na ningeweza kusimama nikasema kwa dakika tatu tu, na labda makamu, ambaye moyo wake ni mzuri, angetafuta njia, angeandika barua, angeomba kitenzi kimoja kiongezwe. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mtu anayetaka kusema. Na mimi nilikuwa na kompyuta mbele yangu na muhtasari wa kuandika. Nikaandika muhtasari. Nikawa bingwa wa lengo la saba siku hiyo, nikanyamaza mahali pasipotakiwa. Nimeshajiuliza mara nyingi niliogopa nini, na jibu linanitia aibu: sikuogopa kitu. Sikuona tu kama litabadilisha jambo.

"Mwenyekiti," akasema, "katibu aandike kwamba mwandishi wa somo hakubali." Alikuwa akiniita binti tangu nikiwa na miaka ishirini. Siku ile akaniita katibu.

Kikao kikaamua somo lirudishwe kwa mwandishi, alirekebishe. Hakulirekebisha. Muda wake wa kustaafu ulikuwa umefika, tukamfanyia sherehe, tukampa blanketi na saa ya ukutani, yeye na mama wakarudi kwao Iringa, nje kidogo ya Mafinga, kwenye nyumba waliyokuwa wakiijenga taratibu kwa miaka. Alipoaga hakutaja somo, nami sikutaja. Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, mwalimu, ndaga fijo. Akasema nimsalimie bibi wa Rujewa nikipita.

Fomu ikawa inangoja na lengo moja wazi. Mfumo haupokei somo lenye pengo. Mara ya kwanza makamu akasema tusubiri, mzee atalegea. Mara ya pili akasema tusubiri kidogo. Nilimwambia niruhusu nijaze mimi ile kuonyesha, akasema hapana, si vizuri kumwandikia mtu aliyekataa mbele ya kikao, na alikuwa sahihi, na usahihi wake haukutusaidia. Muda wa kuwasilisha ukaisha. Kamati ikakaa, ikaliondoa somo lote. Saa zake zikagawanywa, nusu zikaenda kwenye Masoko, nusu kwenye Kompyuta. Makamu akasema mzee aandikiwe barua, asije kusikia kwa watu. Barua aandike katibu.

Niliiandika mara sita. Kila mara inakuwa fupi kuliko ya jana. Mwisho ikawa mistari minne, makamu akaisaini, nikasema barua kama hii haitumwi kwa basi, nitaipeleka mwenyewe. Kila mtu akanisifu kwa utu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naahirisha. Miezi minne ilipita barua ikiwa kwenye mkoba wangu, ndani ya bahasha, inabadilishana pembe na kitambaa changu cha kichwa.

Nilikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mafinga ile inayoingia mpaka kwenye meno. Mama alinipokea getini kwa mikono miwili. "Kamwene, kamwene, karibu mwanetu." Akanivuta jikoni kwanza, nikaote moto, na huku anasonga ugali akaniambia kwa sauti ya chini, "Afadhali umekuja. Mwenzio hana raha. Wiki tatu hizi anaandika, anachana. Juzi ameniuliza mimi, eti mama, wale vijana wanapenda kitenzi gani? Mimi najua vitenzi vyao?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mguu nao haupo sawa. Sukari. Ila mguu hausemi. Anasema somo."

Nikamuuliza, somo lipi, mama? Swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

Alikuwa amekaa upande wa jua, nyuma ya nyumba, blanketi tulilompa juu ya magoti. Amekonda. Shingo imekuwa ndogo ndani ya kola.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti. Umekuja wakati mzuri." Alikuwa ameniita binti, na nikajikuta macho yananiuma. Hata maji ya kunawa hayajaletwa, alitoa karatasi kutoka kwenye kaunta buku, imekunjwa mara mbili. "Soma. La saba tu, hayo mengine unayajua."

Nikasoma. Mwandiko wake ulikuwa umeanza kutetemeka kwenye vituo. Mwanachuo aweze kuonyesha stadi za usikilizaji mbele ya mkulima, kwa muda usiopungua dakika kumi.

"Nimekubali," akasema. "Nilikuwa nabisha kwa kiburi, nimeona. Hata kama wataigiza, waigize. Katika vijana ishirini wanaoigiza, mmoja atasahau kuigiza, atamsikia mtu. Huyo mmoja ananitosha. Bora hivyo kuliko wasipelekwe kabisa kwenye tuta." Alikuwa anasema haraka, kama mtu aliyerudia maneno hayo peke yake mara nyingi. "Hicho kitenzi si kipo kwenye mashine? Nakumbuka makamu alisema kipo."

"Kipo, mwalimu."

"Na dakika nimeweka. Alitaka dakika."

"Alitaka, ndiyo."

"Basi mpelekee. Mwambie mzee amekubali, wasinisubiri tena. Najua nimewachelewesha." Akainama mbele kidogo. "Watalipokea?"

Nini ningesema? Niambieni. Wanafunzi wa muhula ule walikuwa tayari wameshaanza, wanajifunza kuandika matangazo ya nyanya kwenye simu. Hakuna aliyekuwa anamsubiri. Nikasema, "Watalipokea, mwalimu," na niliisikia sauti yangu ikitoka nyororo, yenye adabu.

Tukala. Alikula kidogo. Mama alipoondoa vyombo, mzee alijifunika blanketi vizuri, akanitazama.

"Sasa nimesema mimi tu tangu umefika," akasema. "Na wewe hukupanda gari kutoka Mbeya kuja kusikiliza habari ya kitenzi. Una jambo. Lete."

Akanyamaza. Hakusogeza kiti, hakukohoa, hakunisaidia. Alikaa pale na mikono yake juu ya blanketi, amenipa kimya chote alichokuwa nacho, na hakikuwa cha kuigiza wala hakikuwa na dakika. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Kuku walipita, mama akamwaga maji nyuma ya jiko, jua likahama likaacha miguu yake kwenye kivuli, naye bado ananisubiri, hana haraka, yuko tayari kusikia lolote. Nikafungua mdomo tena.

"Hakuna, mwalimu," nikasema. "Nimekuja kukusalimia tu."

Aliniangalia kidogo zaidi, kisha akasema, "Ahsante, binti." Alinisindikiza mpaka barabarani kwa fimbo, ingawa mama alimkataza, akasimama nami mpaka gari lilipokuja. Karatasi yake nilikuwa nimeishika mkononi. Aliniambia niiweke kwenye mkoba isije ikapeperuka, nikasema itakunjamana, maana ndani ya mkoba kulikuwa na ile barua, na nilijua nikiufungua mbele yake ataiona.